Kiko au Kimo?

Kiswahili hakikubali jibu la mkato mtu anapoulizia mahali pa kitu. Kitabu kipo mezani, kiko Mombasa, kimo mkobani: viambishi vitatu, po, ko na mo, na kila kimoja kinamtaka msemaji ajue anachosema. Po ni pale panapojulikana dhahiri, ko ni huko kusikoonyesheka kwa kidole, mo ni ndani. Mtoto wa shule ya msingi huzitumia tofauti hizi bila kukosea. Lakini mfungulie ukurasa wa gazeti la mtandaoni wenye video katikati ya aya mbili, kisha umuulize: video hii iko au imo? Macho yatasema imo, maana imekaa katikati ya maneno, imezungukwa na pambizo zilezile, na ukiibonyeza inacheza papo hapo. Mitambo itasema iko, tena iko mbali, kwenye seva ya kampuni nyingine, labda bara jingine, na ukurasa wenyewe haujahifadhi hata sekunde moja yake. Swali hili limevuka sarufi, kwa sababu linahusu nani awajibike kwa kile kinachoonekana. Dai langu ni kwamba wajibu wa mwenye ukurasa unafuata mo, haufuati ko. Anayekifanya kitu kionekane kimo ndani ya maneno yake amekibeba, hata kama si chake na hajawahi kukihifadhi.

Tuanze na namna kazi yenyewe inavyofanyika. Ukurasa wa HTML, ukiutazama kwa ndani, ni maandishi matupu. Hauna picha, hauna sauti, hauna mchezo. Una maneno, na katikati ya maneno una tagi, yaani maagizo mafupi yaliyofungwa kwa mabano ya pembe, ambayo kivinjari huyasoma na kuyatekeleza. Tim Berners-Lee alipoubuni mtandao huu wa kurasa akiwa kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kuanzia 1989, uti wa mgongo wake ulikuwa kiungo: unalibonyeza neno, unapelekwa kwingine. Picha ilifunguka kwenye dirisha lake, kando ya maandishi. Februari 1993 Marc Andreessen, aliyekuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, akapendekeza tagi ya img, ya kuingiza picha katikati ya maandishi. Lilionekana jambo dogo la kurahisisha mambo. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtandao ulipobadilika kimaadili, kwa sababu anayesemeshwa alibadilika. Kiungo humsemesha msomaji: ukitaka, nenda kule. Tagi ya kupachika haimsemeshi msomaji hata kidogo. Huiambia mashine: kalete, uweke hapa. Msomaji haulizwi, haendi popote, na mara nyingi hajui kwamba kuna kilicholetwa. Mtakatifu Agostino, Mwafrika mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alitenga vitu vyenyewe na ishara zinazoonyesha vitu. Kiungo ni ishara isiyojificha kuwa ni ishara. Tagi ya kupachika, ikishafanya kazi yake, haionekani tena, na aliye mbele ya kioo hubaki akidhani ameonana na kitu chenyewe.

Baada ya picha vikaja vitu vinavyotenda: programu ndogo za Java, filamu, sauti, michezo, michoro ya Flash inayomjibu anayeigusa. Kampuni ya Netscape ilikuja na tagi yake ya embed bila kusubiri kiwango cha pamoja. HTML 3.2 ya Januari 1997 ikaitambua applet, na HTML 4.0 ya Desemba mwaka huohuo ikaleta object, iliyokusudiwa kubeba kila aina. Mtu anaweza kuziona tagi hizi kuwa majina tofauti ya kazi moja, lakini zitazame kwa karibu. Embed haina tagi ya kufungia. Unaandika anwani ya faili, upana na urefu, basi. Faili likikosekana, hakuna neno lililoandaliwa. Object ina mwanzo na mwisho, na kati ya viwili hivyo pameachwa nafasi. Kivinjari kikishindwa kuonyesha kilichoagizwa, ama kwa kuwa faili limefutwa, ama kwa kuwa hakina programu ya kulifungua, kinatakiwa kionyeshe kilichoandikwa humo katikati: picha tuli, kiungo, au sentensi inayoeleza kilichopaswa kuonekana. Waliotunga tagi hiyo walijua tangu mwanzo kwamba mgeni anaweza asifike, wakamwachia mwenyeji mahali pa kusema neno. Naiona hiyo kuwa ni kazi ya watu waadilifu, na inasikitisha kwamba wachache sana waliielewa.

Kwani nafasi ile ilitumiwaje? Kwa miaka mingi, mtu aliyenakili msimbo wa kupachika video kutoka YouTube, iliyoanzishwa 2005, alipewa object yenye vijitagi vya param, na kisha, palepale palipoachwa kwa ajili ya maneno, akakuta embed inayorudia anwani ileile ya video ileile. Sababu ilikuwa ya kiufundi na ya kueleweka: baadhi ya vivinjari havikuielewa object inavyopaswa, hivyo vikiiruka vikutane na embed ndani na kuitekeleza. Lakini matokeo yake ni kwamba mahali pa kukiri upungufu paliwekwa agizo la pili la kitu kilekile. Kikikosekana cha kwanza, cha pili nacho hakipo. Tagi zilizofuata hazikuponya jambo hilo. HTML5, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, Oktoba 2014, iliipa embed hadhi rasmi na ikaleta tagi za video na audio. Video ina nafasi katikati, ila maneno yaliyomo humo huonyeshwa na kivinjari cha zamani kisichoitambua tagi yenyewe. Faili likifutwa, kivinjari cha leo huacha kisanduku tupu. Iframe, ambayo ndiyo hubeba video na ramani nyingi siku hizi, haionyeshi kabisa kilichoandikwa katikati yake. Kwa hiyo kadiri tulivyozidi kuwa hodari wa kupachika, ndivyo mwenyeji alivyozidi kunyang'anywa mahali pa kusema kwamba mgeni hakufika.

Mahakama nazo zimelazimika kujibu swali la ko na mo. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ya Marekani, katika kesi ya Perfect 10 dhidi ya Amazon, iliyoihusu Google pia, iliona kwamba Google haikuwa imezihifadhi picha kubwa zilizolalamikiwa. Ilitoa tu maagizo ya HTML ya kukionyesha kivinjari pa kuzichukua, na agizo si picha. Hicho ndicho kinachoitwa kipimo cha seva, na mahakama hiyohiyo ilikishikilia tena 2023 katika kesi ya Hunley dhidi ya Instagram. Lakini mjini New York, Februari 2018, Jaji Katherine Forrest alikikataa. Mpiga picha Justin Goldman alikuwa amempiga picha Tom Brady, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani. Picha ikaenea Twitter, na vyombo vya habari vikaipachika kwenye kurasa zao. Jaji alisema si lazima mtu awe na nakala mikononi ndipo ahesabiwe kuwa ameionyesha: vyombo vile vilichukua hatua za makusudi kuiweka picha mbele ya wasomaji. Mimi sihukumu tafsiri ya sheria ya hakimiliki, na inawezekana Mzunguko wa Tisa umeisoma sheria yake sawasawa. Angalia tu kila upande unauliza nini. Mmoja unauliza picha iko wapi. Mwingine unauliza nani ameileta mbele ya macho ya watu, na hilo la pili ndilo swali la maadili. Mtu akisimama sokoni na kukielekeza kipaza sauti kwenye dirisha la jirani anayemtukana fulani, soko zima likasikia, haponi kwa kusema kwamba matusi yametoka nyumba nyingine.

Jambo hili linazidi uzito kwa vitu vinavyotenda. Picha ya ukutani huangaliwa. Programu iliyopachikwa inaangaliwa nayo inaangalia. Kivinjari kikienda kuchota kitu kwenye seva ya mtu wa tatu, kinamwachia huyo anwani ya mtandao ya msomaji, na mara nyingi hata jina la tovuti anayoisoma. Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Fashion ID, duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani lililopachika kwenye kurasa zake kitufe cha Facebook cha kupenda. Taarifa za msomaji zilikwenda Facebook mara tu ukurasa ulipofunguka, awe amekibonyeza kitufe au hakukibonyeza, awe ana akaunti huko au hana. Mahakama iligawa jambo kwa uangalifu ninaouheshimu: duka haliwajibiki kwa yale ambayo Facebook hufanya baadaye na taarifa hizo, ila linawajibika pamoja nayo kwa kuzikusanya na kuzipeleka, kwa sababu kama si duka kupachika kitufe, zisingekwenda. Mwenyeji hakuulizwa mgeni wake anaishije kwake. Aliulizwa kwa nini alimfungulia mlango bila kuwaarifu waliomo ndani.

Upo wakati msomaji aliulizwa kwanza, ingawa kwa sababu isiyokuwa ya maadili. Chuo Kikuu cha California na kampuni ya Eolas walikuwa na hataza ya 1998 iliyodai ubunifu wa kupachika programu tendaji ndani ya ukurasa, na 2003 jopo la waamuzi mjini Chicago liliitaka Microsoft ilipe zaidi ya dola milioni 520. Ili kuikwepa hataza hiyo, 2006 Microsoft ikabadilisha Internet Explorer: kitu kilichopachikwa kikawa hakimjibu msomaji mpaka kwanza akibonyeze. Watengeneza tovuti wakaona ni kero, wakatafuta vichochoro, na 2007 pande mbili zikapatana. Hataza yenyewe ilibatilishwa na jopo jingine huko Texas 2012, Berners-Lee akiwa miongoni mwa mashahidi, na ilistahili kubatilishwa. Hata hivyo mbonyezo ule mmoja, ulioletwa na mawakili, ulikuwa na kitu ambacho maadili yangepaswa kukileta: uliirudisha ruhusa mikononi mwa anayesoma.

Atakayenipinga ataanza kwa kusema kwamba msomaji hadanganyiki. Nembo ya YouTube inaonekana kwenye kona, jina la mwenye video lipo juu, nani asiyejua kwamba si mali ya gazeti? Nakubali kwamba anajua ni ya nani. Lakini umiliki sio ninaouzungumzia. Mwandishi anayeandika kwamba waziri alijibu kwa hasira, kisha akaweka video chini ya sentensi hiyo, ameifanya video kuwa sehemu ya hoja yake. Sentensi inaiegemea. Kesho mwenye video akiifuta, au akiweka nyingine kwenye anwani ileile, sentensi inabaki inaning'inia, na jina lililo juu yake ni la mwandishi. Aliyechagua ushahidi ukae wapi, baada ya maneno gani na kabla ya maneno gani, ni yeye. Nembo iliyo kwenye kona inataja mwenye mali, na mteuzi wake hatajwi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linanisumbua. Kama kupachika kunamtwika mtu wajibu, je, si afadhali anakili faili na kulihifadhi kwake, lisibadilike wala kupotea? Lakini akinakili, amemnyang'anya mwenyewe haki ya kubadili nia. Mama aliyeweka video ya mwanawe na kisha akaona aibu, mwanamuziki aliyeondoa wimbo, shahidi aliyeogopa: kupachika kunawaacha wote hawa na uwezo wa kufuta, kunakili kunawafungia nje. Kwa hiyo kupachika kuna heshima yake, na anayeshutumu kupachika kote anaishutumu heshima hiyo pia. Hapa fikihi ya Kiislamu inanisaidia kuliko vitabu vya kompyuta, maana ililichambua zamani suala la kutumia kisicho chako. Mkataba wa kuazima kitu bila malipo huitwa ariya. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mwenye mali anaweza kuidai mali yake wakati wowote, na mwazimaji ana dhamana: kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, ni juu yake, hata kama hakuzembea. Wahanafi hawakukubali, kwao kitu cha kuazima ni amana, na mwazimaji hadaiwi ila akizembea au akivuka mipaka. Sidai kwamba mafakihi walikuwa wakizungumzia iframe. Ninachochukua kwao ni kwamba mambo mawili yanaweza kukaa pamoja bila kugongana: mwenye kitu awe huru kukitwaa, na aliyekiazima awe na la kujibu. Hata ukifuata upande mwepesi, wa Wahanafi, bado kuna uzembe wa kujibia, na kuacha tundu katikati ya hoja yako bila neno, wakati ulijua linaweza kutokea, ni uzembe. Wahenga wetu walilisema kwa ukali zaidi: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Wala si mwenye kitu na mwazimaji peke yao. Historia ya Flash imeonyesha kuna mtu wa tatu. Teknolojia hiyo ilianza 1996, ikaingia mikononi mwa Macromedia na kisha Adobe, na kwa zaidi ya muongo mmoja ndiyo iliyobeba michezo, katuni, masomo na video zilizopachikwa. Julai 2017 Adobe ikatangaza mwisho wake. Tarehe 31 Desemba 2020 huduma ikasitishwa, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikawa inakataa kuchezesha chochote. Mchezo wa FarmVille, uliokuwa umewakusanya watu wengi mno kwenye Facebook, ulifungwa siku ileile ya mwisho wa mwaka. Sababu zilikuwepo, kubwa ikiwa matundu ya kiusalama yasiyokwisha, na simlaumu aliyeufunga mlango huo. Lakini tazama kilichotokea kwenye kurasa. Faili lilikuwepo, anwani ilikuwa sahihi, mwenye mali hakufuta kitu, mwazimaji hakugusa herufi. Kilichoondoka ni mkalimani aliyesimama kati yao. Kitu kilikuwa kipo, wala hakimo tena. Internet Archive, kwa kutumia programu ya Ruffle inayoiga ile ya zamani, ilianza Novemba 2020 kuhifadhi na kuchezesha baadhi ya kazi hizo, na wanaofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Ila mchoro uliookolewa kwenye hifadhi haurudi wenyewe kwenye aya ulimokuwa.

Kuna atakayesema kwamba kila kitu hufa, hata vitabu huliwa na mchwa, na kwamba nadai udumu ambao mtandao haujawahi kuuahidi. Ni kweli kufa kwa kurasa ni jambo la kila siku: utafiti wa Pew wa 2024 uliona kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo 2013 zilikuwa hazifunguki muongo mmoja baadaye. Lakini vifo hivi viwili si sawa. Kitabu kilicholiwa na mchwa kimekufa pamoja na madai yake, hakuna anayekisoma akapotoshwa. Ukurasa ambao kilichopachikwa kimetoweka unaendelea kuzungumza. Unasema "kama unavyoona hapa" mbele ya kisanduku cha kijivu, na anayesoma hajui alipaswa kuona nini. Sidai kitu kidumu milele. Namtaka aliyesema kimo aseme pia siku ambayo hakimo.

Na mzigo huo si mkubwa kiasi cha kuwavunja moyo waandishi wadogo wasipachike chochote. Ni kutaja kwa maneno, kabla au baada ya kitu, ni nini hicho, cha nani, cha tarehe gani, na kinaonyesha nini, ili hoja isimame hata kisanduku kikiwa tupu. Msomaji asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu ya sauti, anauhitaji ufafanuzi huo leo, hata video ikiwa nzima. Ni kuweka picha tuli yenye kitufe, kitu cha mbali kisiitwe mpaka msomaji akibonyeze mwenyewe, jambo ambalo mtengeneza tovuti yeyote anaweza kulifanya mchana mmoja. Ni kurudi mara moja moja kuangalia kama mgeni bado yupo. Wewe unayepachika, usiishie kunakili msimbo uliopewa. Tagi ya object imo katika kiwango cha HTML hadi leo, na ile nafasi kati ya mwanzo na mwisho wake bado iko wazi. Andika humo.